Simu Iliyokataa Sikio

Mama Kipimo alizaliwa na sauti kubwa kuliko mwili wake. Wanaojua husema alipolia mara ya kwanza mkunga alidhani ni mapacha, akakaa kumsubiri wa pili mpaka chai yake ikapoa. Alivyokua, sauti ikakua naye. Siku alipoolewa na fundi wa cherehani, majirani walimhurumia bwana harusi, lakini kila mlango na ufunguo wake. Fundi Pindo alikuwa mtu wa maneno machache, na mtu wa namna hiyo anahitaji mwenzake wa kumsaidia kuyamaliza yaliyobaki.

Kazi waliifanya hivi. Chumba cha mbele kilitazama barabara. Mteja alisimama mlangoni, na Mama Kipimo akamzunguka na futi mkononi. Fundi aliketi kwenye cherehani amempa mteja mgongo, wala hageuki. Mama Kipimo akipima, anaita. Fundi anaitikia huku mguu haujatoka kwenye kanyagio.

"Kiuno, thelathini na nne."

"Thelathini na nne."

"Yule wa kona amerudiana na mkewe. Paja, ishirini na tatu."

"Amerudiana. Ishirini na tatu."

Wakimaliza, mteja anakwenda zake, na hakuna mahali palipoandikwa kitu. Wote wawili hawakukaa darasani kiasi cha kuzoeana na kalamu. Vipimo vyote vililala kichwani mwa Fundi, kila mteja na chumba chake. Watu husema angeweza kukutajia kiuno cha mtu aliyehama mtaa kabla wewe hujazaliwa, na akakuongezea kwamba siku ile ya kupimwa alikuwa amevuta tumbo ndani.

Basi masikio ya Fundi yakaanza kwenda. Yalikwenda kama rangi inavyotoka kwenye kitambaa: hujui imetoka siku gani, unajua tu haipo. Karani mmoja mwembamba kama fito alishonewa suruali ambayo angeweza kuivaa yeye, mkewe, na kiti alichokalia. Mama Kipimo akaongeza sauti. Akaita kiuno mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia, na Fundi bado hajaitikia. Wakapewa kifaa cha hospitalini cha kuvaa sikioni, nacho kikawa kinapiga mluzi. Kutwa nzima Fundi anageuka akidhani anaitwa.

Lakini kilichomuuma Mama Kipimo hakikuwa suruali. Suruali hufumuliwa. Kilichomuuma ni kwamba anaweza kumaliza habari nzima ya jirani, yenye mwanzo wake, katikati yake na aibu yake, halafu mumewe anainua kichwa na kuuliza, "Ulisema?" Habari haina ladha ikirudiwa. Ni kama chai iliyopashwa moto.

Wakati huo chumba cha nyuma alikaa binti aliyekuwa akisomea kompyuta. Wote walimwita Mpangaji, hata baada ya kuwa mtoto wa nyumbani kabisa. Huyu binti alikuja akakaa chini karibu na cherehani, akaishika simu yake mbele ya gurudumu siku nzima, kisha kesho yake tena.

"Unafanya nini, mwanangu?" Mama Kipimo akamuuliza. "Unaipiga picha kelele?"

"Naishika sauti ya cherehani, Mama. Naifundisha simu iijue, kisha kila ikiisikia iitupe, ibakize sauti yako."

"Yangu haihitaji kubakizwa. Inajibakiza yenyewe."

"Kwa wengine. Si kwa Baba."

Alipomaliza, aliitundika simu ya wazee kwenye msumari juu ya cherehani, ikateremsha waya wenye vijispika viwili mpaka masikioni mwa Fundi. Programu ile aliiita Sikio. Mama Kipimo akasimama mlangoni. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye adabu, "Baba watoto, unanisikia?"

Fundi akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Sema tena."

"Nimesema, unanisikia?"

"Nimekusikia mara ya kwanza, bibie. Nilitaka tu kusikia tena."

Ikawa hivyo. Viuno vikarudi kuwa viuno. Mpangaji akamaliza masomo, akapata kazi mji mwingine, akaondoka akilia na wao wakilia. Sikio likabaki msumarini. Simu nayo ikazeeka. Betri yake ikavimba kama shavu la mwenye jino bovu, na asubuhi moja, katikati ya kumpima mteja mnene ambaye kumzunguka tu ni safari, ikazimika, isiwake tena.

Hapo ndipo alipoingia Bosi. Bosi ndiye mwana wao mkubwa. Aliitwa hivyo tangu alipoanza kutembea, kwa kuwa alitembea mikono nyuma kama mtu anayekagua. Alikuja kuwa na kazi ya ofisini na moyo mwema, na aliposikia habari za simu, hakungoja kuombwa. Alileta mpya. Ilikuwa nyembamba kama sabuni iliyobakiza kuogewa mara moja, na ilivyong'aa, Fundi aliitumia kutazamia ndevu.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mama Kipimo akampigia Mpangaji, naye akatuma Sikio kwa ujumbe, dakika ile ile. Bosi akabonyeza, kisha akatazama kioo cha simu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Inasemaje?" mama yake akauliza.

"Inasema programu hii haikutoka dukani kwake. Haiwezi kuwekwa."

"Bonyeza pa kukubali."

"Hakuna pa kukubali, Mama. Kuna 'Sawa' tu."

"Basi bonyeza sawa."

Akabonyeza. Maandishi yakaondoka, na Sikio halikuingia.

"Sawa gani hiyo?" Mama Kipimo akasema. "Mtu anakunyima, halafu anataka umjibu sawa." Akaichukua simu, akaigeuza mgongo, akaigeuza tumbo. "Hii simu ni ya nani?"

"Ya Baba. Si nimempa?"

"Ina mwenyewe mwingine?"

"Hapana."

"Sasa huyo anayekataa ni nani?"

Bosi akajikuna kidevu. Akaeleza kwamba kampuni iliyoitengeneza ina duka lake la programu humo humo ndani ya simu. Kitu kisichopita kwenye duka hilo na kukaguliwa, simu haikipokei, hata mwenye simu akitaka. "Ni kwa usalama wenu. Umesahau yaliyompata shangazi? Alitumiwa ile programu ya kutabiri bahati, akaiweka mwenyewe kwa mkono wake, ikamfyonza akiba yote. Simu hii ingemkatalia. Asingelia."

Hapo Mama Kipimo akanyamaza, maana ilikuwa kweli. Wifi yake alilia kweli, na yeye alikwenda kulia naye. Lakini kunyamaza kwake hakukuwahi kuwa kurefu.

"Wifi yangu aliingiza mwizi. Mimi naingiza sikio."

"Simu haijui tofauti, Mama."

"Ndiyo maana nasema, iniulize mimi ninayejua."

Bosi akacheka. Mama yake hakucheka. "Nguo ikishavuka huu mlango," akasema, "mwenye nguo akitaka kuipanua, aipanue. Akitaka kuikata awe na mapazia, akate. Baba yako humwachia kitambaa ndani ya mshono kwa kazi hiyo hiyo. Hatumfuati mtu nyumbani kwake kumwambia, hilo gauni huruhusiwi kulipunguza ila uje kwetu."

"Nguo si simu."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako. Hata hiyo umetuazima, hukutupa. Si wewe, mwanangu. Huyo mwenye duka."

Bosi hakukasirika. Alijaribu kweli kweli. Kwanza akampigia Mpangaji amwombe aliingize Sikio kwenye lile duka kwa njia halali. Mpangaji akamjibu kwamba amekwisha kuomba, amekataliwa, akaomba tena, akakataliwa tena. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, na Mama Kipimo alikuwa ameiinamia kama anayenusa.

"Wanasema nini hasa?" akauliza.

"La kwanza, Mama, wanasema programu inasikiliza muda wote, na wao wanaogopa programu zinazosikiliza muda wote."

"Sikio linalosikiliza nusu saa linaitwaje?"

"La pili, wanasema haina manufaa kwa watu wengi."

Mama Kipimo akafikiri. "Wengi wa nini?" akasema. "Mimi mume ninaye mmoja."

Kisha Bosi akagundua kwamba simu mpya ina namna yake yenyewe ya kukuza sauti, imetoka nayo kiwandani. Wakafurahi. Fundi akavaa vijispika, akakanyaga cherehani. Simu ikakuza kila kitu kwa haki na usawa: cherehani, barabara, kikohozi cha jirani, nzi. Fundi aling'oa waya masikioni, akabaki ameshika meza.

"Vipi, Baba?" Bosi akamuuliza kwa ishara.

"Treni imepita," Fundi akasema. "Mama yako alikuwa ndani, nilimwona dirishani. Sikumsikia."

Bosi akarudi zake kazini akiwa ameinamisha kichwa, ameacha ushauri mmoja mezani: wateja waandike vipimo vyao. Wateja wakaanza kuandika. Mtu anaingia, anamkabidhi Fundi kipande cha karatasi. Fundi anakipokea kwa mikono miwili, anakitazama kwa heshima, anatabasamu, anakiweka chini ya mguu wa cherehani. Mama Kipimo aliwaona wanavyoondoka wameridhika, na aliviona vile vikaratasi vinavyolundikana pale chini bila msomaji. Ikabidi ajipange upya: amshike mumewe bega, amwonyeshe namba kwenye futi kwa kidole, moja moja, kama anayemfundisha mtoto. Kazi ikaenda. Ila ikaenda kimya, na chumba kile hakikuzoea kimya. Hata wateja waliona haya kuvuta tumbo ndani, maana hapakuwa na wa kuwatania.

Alasiri moja Fundi akafunika cherehani kwa kitambaa mapema.

"Bibie," akasema, kwa ile sauti ya juu kidogo ya mtu asiyejisikia, "nafikiri nipumzike sasa. Cherehani aje aichukue mwenye masikio. Mtu asiyeitikia si mwenzako wa kazi."

Mama Kipimo akamjibu maneno mengi. Fundi akatazama mdomo wake ukienda, akatikisa kichwa kwa upole, akaingia ndani.

Sasa, mwanamke mwingine angekaa akalia. Huyu alijifunga khanga kiunoni, akaichukua ile simu inayong'aa, akaenda kwa wifi yake bila hata kumuaga mtu. Njia nzima alikuwa akizungumza peke yake, na wapita njia wakamjibu wakidhani wanasemeshwa.

Wifi yake alikuwa dada mdogo wa Fundi, mwanamke mkweli, aliyesoma kidogo na kuogopa sana. Tangu alipoibiwa, simu yake aliifungia ndani ya sufuria lenye mfuniko, na juu ya mfuniko akaweka kinu.

"Wifi, kinu cha nini?"

"Isije ikasikia."

"Nipe hilo jini lako, nami nikupe malaika."

"Malaika wa nini?"

Mama Kipimo akaiweka simu mpya mezani. "Huyu hapokei mgeni. Kitu kisichotoka dukani kwake hakiingii, hata umbembeleze."

Wifi akaitazama kwa mbali. "Hata nikibonyeza mwenyewe?"

"Bonyeza mpaka kidole kiote sugu."

"Hata wakinipigia wakisema ni watu wa bahati?"

"Hata wakija na bahati yenyewe mkononi."

Wifi akapumua kama aliyetuliwa mzigo. "Basi huyo ndiye ninayemtaka. Mimi kidole changu sikiamini tena."

"Mimi changu nakiamini," Mama Kipimo akasema. "Ondoa kinu."

Walirudi nyumbani pamoja, na ile simu ya sufuriani, nzito kama tofali, yenye ufa kwenye pembe ya kioo. Fundi alikuwa amekaa ukumbini ametazama mikono yake. Wakampigia Mpangaji, akatuma Sikio. Wifi akawa msomaji.

"Inasema: programu hii haikutoka dukani. Inaweza kuidhuru simu yako na mambo yako. Je, unataka kuendelea? Kuna 'Ghairi', na kuna 'Endelea'." Alipomaliza kusoma akaficha mikono yake nyuma, isije ikatenda jambo bila ruhusa.

Mama Kipimo hakubonyeza upesi. Hilo watu hawamsifii, na ndilo la kumsifia. Akampigia Mpangaji tena, akasema, "Mwanangu, hebu niambie, hiki kilichofika hapa ni chako? Umekituma wewe, si mtu mwenye jina lako?"

"Ni changu, Mama. Nimekituma sasa hivi."

"Mlango wa chumba chako ulikuwa unafungwaje?"

"Ulikuwa haufungwi. Nilikuwa naegesha ndoo."

"Ndiye," akamwambia wifi yake, kisha akainama kwenye kioo kilichopasuka. "Afadhali wewe unauliza," akaiambia simu, na akabonyeza Endelea.

Wakaitundika msumarini. Fundi akaja kwa kuvutwa mkono, akaketishwa, akavalishwa waya. Wifi akajaribu kwanza. "Kaka, hujambo?"

Fundi akageuka. "Dada, umekonda, au sauti yako ndiyo imekonda?"

 Mama Kipimo alimvuta wifi yake mpaka mlangoni, akamzungushia futi. "Kiuno," akaita, akaweka futi sawa, akaanza upya. "Kiuno, arobaini."

"Thelathini na tisa," wifi akanong'ona.

"Arobaini," Fundi akaitikia, akavua kitambaa kilichofunika cherehani. "Na mwambie aache kuvuta tumbo."

Habari ilimfikia Bosi kupitia kwa shangazi yake mwenyewe, aliyempigia kumshukuru kwa zawadi. Jumapili akaja. Aliingia mikono nyuma, akaiona simu ya tofali imetundikwa ukutani, akaijua.

"Mama, hii ndiyo ile iliyoibiwa."

"Simu haikuibiwa. Kilichoibiwa ni akiba."

"Nimehangaika nikawaletea kitu kizuri, kitu salama, mkakitoa. Mkachukua hiki." Akageukia dirisha, akasema chini chini, kwa namna ambayo katika nyumba ile ilikuwa salama kabisa tangu masikio ya baba yake yaende, "Wazee wabishi kama mbuzi."

Cherehani ikasimama.

"Mbuzi tumesikia," Fundi akasema bila kugeuka. "Wote wawili."

Bosi akashika mdomo. Hakukumbuka mara ya mwisho baba yake kujibu neno ambalo hakupigiwa kelele. Akavuta kigoda, akakaa karibu na cherehani, karibu kabisa na gurudumu linalozunguka, akaanza kumwomba baba yake radhi kwa sauti ya kawaida, na baba yake akawa anamjibu kwa sauti ya kawaida, huku anashona. Walipomaliza mambo ya mbuzi wakaingia ya kazini kwake, na ya mkewe, na ya goti linalomsumbua. Mama Kipimo aliwasikia kutoka jikoni akajizuia asiingilie. Wanaomfahamu hawaliamini jambo hili, lakini alijizuia.

Kabla ya kuondoka, Bosi aliiteremsha simu msumarini, akaondoa humo kila kitu cha benki na cha kutumia fedha. "Iwe sikio tu," akasema. "Mwizi akija akute masikio, aondoke na habari za mtaa."

Wakaishi hivyo kwa raha. Ila baada ya muda Mama Kipimo akaona jambo. Akimhadithia mumewe, hasa zile habari ndefu za alasiri zinazoanzia kwa bibi wa mtu na kuishia kwa mjukuu, Fundi anapeleka mkono juu kwenye msumari kama anayeweka sawa waya. Kisha anaendelea kushona, uso umetulia kama maji ya mtungi. Siku moja Mama Kipimo alinyamaza katikati ya neno ili amwone. Fundi hakushtuka. Akatikisa kichwa mara moja, kama aliyesikia jambo la maana.

Mama Kipimo akaenda uani na simu ya jirani, akampigia Mpangaji.

"Mwanangu, kwenye Sikio kuna kidude cha kupunguza sauti?"

"Kipo, Mama. Niliweka makusudi, Baba achague mwenyewe."

"Unaweza kukifunga? Kwamba yeye akigusa, kikatae, mpaka mimi niseme?"

Mpangaji akacheka kwanza, halafu akaona mama hacheki. "Naweza. Ni kazi ndogo. Natuma sasa, unabonyeza, kinafungika. Hatajua kilichomkatalia."

"Ataona nini?"

"Ataona maandishi tu, Mama. Na 'Sawa'."

 Kutoka pale uani Mama Kipimo aliweza kumwona mumewe kupitia mlango wa nyuma, ameinama juu ya pindo la mtu, ulimi nje kidogo, amestarehe.

"Mama? Nikifunge?"

"Acha," akasema. "Acha kwanza."

Akarudi chumba cha mbele. Habari aliyoikatisha ilikuwa bado nzima mdomoni, tena ilikuwa imefika penyewe. Akaenda mpaka kwenye cherehani, akamgusa mumewe begani. Fundi akainua uso, akamtazama kama anayepima uzito wa habari yenyewe.

"Ni ndefu?" akauliza.

Mama Kipimo akamwonyesha kwa vidole, kipande kifupi kama upana wa pindo. Ulikuwa uongo, na wote wawili waliujua. Fundi akapeleka mkono kwenye msumari, akaongeza sauti.